Matawi ya Kibumba

Ndosho, Goma, mwezi wa nane

Kwako yaya wangu mupenzi, dada yangu mukubwa Dancille,

Salamu nyingi kutoka huku kwetu. Nikupe kwanza ile habari ambayo watu wengine wanaiandika kwa mazoea tu, bila kuifikiria: mimi ndugu yako ni muzima. Muzima kabisa, yaya. Ninakula, ninapumua, ninabishana na bibi yangu Émérance, na leo asubuhi nimegombana na jirani juu ya vumbi anayofagilia kwenye mulango wetu. Wasiwasi wangu ni kwako wewe huko Kampala, na presha yako, na yale magoti. Watoto wanaendeleaje? Na shemeji, yule mutu mupole aliyekubali kuoa sauti kama yako?

Ninakuandikia kwa mukono sababu simu yangu huikamati tena. Nilipopiga ile siku ya kwanza, ulisikia sauti yangu, ukapiga kelele kwamba shetani anaongea kwa mudomo wa Guylain, ukakata. Nilipopiga tena, ulimupa simu shemeji, naye akaanza kuniombea nipumzike kwa amani. Yaya! Kuombewa pumziko na shemeji yangu, huku nimesimama Ndosho na kikombe cha chai! Basi angalia huu mwandiko. Unaujua, ni wewe ulikuwa unanichapa vidole juu yake tulipokuwa wadogo. Shetani gani anaweza kuandika vibaya namna hii? Barua anakuletea Twagirimana, shofere wa basi. Muulize. Jana tumekunywa pamoja, na bia yake nilimaliza mimi. Mufu hafanyi hivyo.

Sasa ukae, nikueleze namna nilivyokufa.

Kiangazi hiki nilitengeneza gari. Si kutengeneza kama mekanisie wengine wa hapa Ndosho, nyundo na maombi. Unanijua, mimi ni mutu aliyefika Mombasa, aliyekula samaki Bujumbura, aliyeulizwa njia na watalii Kigali na akawaonyesha, hata kama haikuwa njia yenyewe. Mwaka uliopita wazungu wawili wazee, bwana na bibi, waliharibikiwa na gari kule Gisenyi, nikaitwa mimi. Yaya, ndani ya ile gari kulikuwa kitanda, jiko, kabati, na sahani zilizofungwa zisianguke kwenye kona. Yule bibi muzee alinipa kahawa akiwa amekaa kitandani kama malkia, mulima uko dirishani. Waliniambia kwamba kila vakansi, kila likizo, wanazunguka milimani hivyo, wawili tu, wanalala pale jua linapowakuta. Nikasema moyoni, na siye milima tunayo, tena yetu ina moto ndani.

Nikakamata ile basi ndogo iliyokuwa inalaliwa na kuku nyuma ya karakana yangu. Nikatoa viti, nikapiga kitanda cha mbao, nikaweka jiko la makaa na taa ya kusomea, ingawa sisomi. Émérance alishona mapazia, rido nyeupe kwa madirisha yote. Nzuri, siwezi kukataa. Kumbuka hizo rido.

Mupango wangu ulikuwa mwepesi: Goma, Kibumba, Rugari, Rumangabo, tupite Kalengera, tulale Rutshuru karibu na maporomoko ya maji, halafu tuendelee mpaka tuchoke. Lakini Kalengera, kwa baba, ndiyo hapo ugomvi ulipokuwa unatungojea. Hukuwapo kwenye arusi ya binamu Sylvie, lakini ulisikia. Baba yetu, Muzee Ntirenganya, alisimama mbele ya wakwe wote akasema kwamba mwana wake Guylain ni mudomo tu, ukimukata mudomo hakuna kinachobaki cha kuzika. Watu wakacheka mpaka kasiksi, ile pombe ya ndizi, ikamwagika. Nikaapa kwamba muguu wangu hautakanyaga kwake tena, na nikashika kiapo hii miaka yote, kitu ambacho muzee mwenyewe alisema siwezi.

Émérance hakukubali hata siku moja. Kila Jumapili wimbo ni ule ule, kwamba muzee anazeeka, kwamba atakufa na mimi nitabaki na kiapo changu kama mutu aliyebaki na ufunguo wa nyumba iliyoungua. Siku ya kuondoka alinipa sharti: tusimame kwa muzee, tuingie, tumusalimie. Mimi nikamujibu kwamba nitapita mbele ya mulango wake polepole, honi juu, ili aione gari upande wote, halafu atakula vumbi. Tulibishana kuanzia Ndosho. Tukabishana Kanyaruchinya. Mulima Nyiragongo uko pale, kichwa wazi, muzuri wa kuonyesha mugeni, na hakuna aliyeuangalia. Mwishoni alisema kwamba nisiposimama Kalengera, yeye atashuka Rutshuru, atatafuta gari ya kwao Butembo, na nyumba yangu ya magurudumu nilale na kuku. Na wewe unamujua Émérance. Hatishi bure. Lakini sikusema ndiyo.

Kibumba, gari ikachemka. Nikafanya kama shofere yeyote wa nchi hii, nikakata matawi, nikayaweka njiani mbele na nyuma ili wenzangu wajue kuna gari imekufa. Halafu mimi, fundi niliyewafokea wanafunzi wangu wote juu ya kitu hicho hicho, nikafungua kifuniko cha radiateri ikiwa bado ya moto. Maji yakaruka, mukono ukaiva. Émérance aliufunga mpaka kwenye kiwiko na kitambaa kilichobaki cha rido, akiniambia mambo ambayo sitayaandika, sababu barua inaweza kufunguliwa na watoto wako.

Basi yeye ndiye aliyekamata usukani. Nilimufundisha mimi, na anaendesha vizuri kuliko ninavyomuambia. Gari ilipowaka, nikamuomba atupe yale matawi. Akakataa. Akasema gari hii itasimama tena, na yeye hatapanda kichakani kila mara kukata matawi mapya. Akayafunga mbele, kwenye chuma cha pare-shoki chini ya taa, majani yote nje. Taa nazo zilikuwa zinawaka muchana kutwa, sababu niliunganisha waya zake na ile taa ya kusomea, na hazikutaka kuzimika. Mimi nikalala kitandani, mukono juu ya kifua, rido zimefungwa sababu ya vumbi.

Yaya, najua umeshaelewa, na umeshika kichwa. Gari inatembea polepole, taa zinawaka kwenye jua, matawi mbele, rido nyeupe zimefungwa, mwanamuke peke yake kwenye usukani, kikwembe cheusi kichwani na macho mekundu ya vumbi. Mutoto yeyote wa Goma akiona hivyo anajua kuna mufu anapelekwa kwao kuzikwa. Mimi, mutu aliyefika Mombasa, sikujua.

Nilichungulia kwenye pembe ya rido, nikaona watu wanavua kofia. Nikamuambia Émérance aangalie, hawa ni watu wanaojua gari. Yeye akakaza usukani. Kwenye barieri, pale ambapo mutu anaulizwa mpaka jina la babu yake, vijana waliinua kamba kabla hatujasimama, wakainamisha kichwa. Nikasema hiyo ndiyo heshima ya kazi nzuri. Chini ya Rugari, mutu wa chukudu, ile baiskeli ya mbao, amebeba shu, kabichi mulima muzima, alivunja mwendo kwenye muteremko ili atupishe, na wewe unajua mutu wa chukudu hamupishi hata gavana. Wanamama walisimamisha majembe shambani. Nikaanza kuhesabu moyoni gari nyingine nitakazotengeneza, na jina nitakaloandika ubavuni. Kila mara nilimuuliza Émérance kama ameona, na kila mara aliongeza tu kufunga mudomo. Nikadhani ni hasira ya Kalengera.

Rumangabo tulipita mbele ya duka la binamu yetu Florent. Nilikuwa nimelala kwa upande mwingine, sikumuona. Lakini yeye alimuona Émérance, na uso ule, na matawi yale. Na Florent, Mungu amusamehe, ana simu mbili. Moja alipiga Kalengera, nyingine alikupigia wewe.

Gari ilitambaa masaa mengi ili isichemke tena, na tulipokaribia Kalengera nikajitayarisha. Nikamuambia Émérance apige honi. Hakupiga. Gari ikapunguza mwendo, ikasimama kabisa, nikasikia sauti za watu wengi, halafu kilio. Yaya, kilio cha kweli, kile kinachotoka tumboni. Nikachungulia. Turubai la shitingi limeshafungwa kwenye migomba. Shangazi Mukamugema yuko chini, mavumbi mpaka kwenye nywele, anaita jina. Mbuzi imeshachunwa. Na nyuma ya nyumba, karibu na kaburi la mama, vijana wanatupa udongo juu.

Jina alilokuwa anaita ni langu.

Halafu nikasikia muzee. Aliwakataza watu wote wasiguse gari, akasema mulango ataufungua yeye. Akaja akasimama upande wangu. Kati ya uso wake na wangu kulikuwa ile rido peke yake. Hakufungua. Akaanza kuongea, sauti ya chini, kama vile anaongea na mutu anayejifanya amelala. Akaniambia kwamba tangu ile arusi anakaa kila siku ya soko kando ya barabara, anaangalia gari za Goma moja moja, na watu wanadhani anangojea muteja wa maharage. Akasema kwamba lile neno lilimutoka juu ya kasiksi na juu ya vicheko, na akaona aibu kulifuata mpaka Ndosho kulirudisha. Akasema huu mudomo wangu ni wa kwake, yeye ndiye aliyenipa, sababu marehemu mama alikuwa mutu wa kunyamaza. Akaniuliza sasa nani atamuchekesha siku yake yeye ikifika.

Nikasikia mukono wake kwenye mulango.

Akafungua. Nikakaa kitandani, kitambaa cheupe kwenye mukono, nikamuambia, Shikamoo muzee. Ni hilo tu lililokuja. Watu walikimbia, yaya! Shangazi Mukamugema, mwenye miguu ya kuvimba, aliruka kitalu cha shu. Wale wa kuchimba waliacha majembe wakapanda kilima. Muzee peke yake hakukimbia. Aliniangalia, akanigusa shavu na kidole kimoja, halafu akanipiga kofi ambalo mpaka leo jino linacheza, halafu lingine, halafu akanikumbatia akiwa bado ananitukana. Usiwe na wasiwasi juu ya afya ya muzee. Mikono yake iko na nguvu.

Sasa yaya, kuna kitu ambacho sikumuambia muzee, na wewe nitakuambia. Nilikuwa macho. Tangu neno lake la kwanza ningeweza kukohoa, kuvuta rido, kusema niko hapa. Sikufanya. Nilishika pumzi yangu, nikamuacha muzee wa watu alie juu ya mulango wa gari, sababu nilitaka kusikia mpaka mwisho. Nililala pale kama mwizi ndani ya nyumba, ninachukua kila neno. Hiyo ndiyo inanichoma kuliko radiateri.

Nilimuungamia Émérance tulipobaki wawili. Nilidhani atanikasirikia. Akafungua kikwembe chake, akakipiga vumbi, akaniuliza kama nafikiri kweli kwamba yeye, mutoto wa Butembo aliyekua kando ya hiyo barabara, hajui matawi na taa ni nini. Tangu Rugari alijua. Kule mama mumoja aliinua mukono wa pole kwake, naye akaanza kupunguza mwendo ili ayafungue matawi, akasikia mimi nyuma ninasifu gari, akaacha. Na Rumangabo alimuona Florent vizuri, mukono kwenye mudomo, simu inatoka mufukoni. Alikuwa na nafasi ya kusimama. Muguu wake, anasema, ulienda kwenye mafuta. Alifikiri jambo moja tu, kwamba sasa Kalengera hatutaipita. Kwamba habari itavuka mupaka ikufikie wewe, hakufikiri, na juu ya hilo amelia, na si machozi ya vumbi. Usimukasirikie Florent. Ukitaka kukasirika, kuna siye wawili, chagua.

Ile mbuzi tuliila. Waombolezaji walirudi mumoja mumoja, wakala, wakasema chakula cha kilio hakirudishwi jikoni. Rutshuru hatukufika, maporomoko ya maji hatukuyaona. Muzee alipanda ndani ya gari kuangalia, akajaribu kitanda, akavuta rido, akauliza taa inawashwa wapi. Hajashuka mpaka leo. Muchana anapokea wageni humo, na anawaambia kwamba mwana wake amemuletea kitu kisicho mudomo. Nilipoomba funguo, akajifanya hasikii. Siye tulirudi Goma kwa basi, tumebanwa kati ya magunia ya viazi, mutu wa nyumba ya magurudumu na bibi yake, na Émérance anacheka njia nzima.

Na shimo langu? Muzee alikataa lifukiwe hivi hivi. Alisema udongo ukishachimbwa kwa jina la mutu hauachwi bure. Aliniamuru nishuke ndani mwenyewe, na huu mukono muzima, nikapanda mugomba. Uko karibu na mama. Ndizi zake za kwanza anasema hazitakatwa mpaka wewe umefika.

Basi njoo, yaya. Njoo unichape vidole. Umusalimie shemeji, umuambie maombi yake yalifika, lakini nilikuwa sipo nyumbani. Wabusu watoto wote. Émérance anakupigia magoti kutoka mbali, na shangazi Mukamugema anauliza kama una dawa ya kiuno.

Ni mimi ndugu yako, kwa mukono wangu mwenyewe, ule usioungua,

Guylain Nsengimana