Betri ni Nzima

Jumamosi, 5 Aprili 2025
Soksi imeniachia mfereji tena. Nimeubonyeza muundi kwa kidole gumba, kama ninavyompima mkizi kabla ya kumtia chumvi. Shimo limebaki. Mkizi wa hivyo ningemrudishia mvuvi na matusi juu!
Sikumwambia mtu. Sikukuu ya Sham en-Nesim imebaki wiki mbili tu, mji mzima wa Nabaroh unanuka fesikh, na mapipa yangu thelathini ya samaki wa kuvundika yananingoja. Nikilazwa, nani atayafungua?

Jumatano, 9 Aprili
Mke wangu ameiona miguu. Vita! "Baba Karima, unakula chumvi kuliko mapipa yako!" Ati fesikh ndiyo imenivimbisha. Miaka arobaini samaki wangu hawajamuumiza mtu tumbo, leo wananiua mimi!
Akauliza tangu lini. Nikasema juzi tu. Uongo — ni tangu Oktoba.
Binti yetu Karima kanipeleka kupimwa betri. Ndivyo sote tunavyokiita kidude cha kuuchochea moyo nilichopandikizwa kifuani miaka sita iliyopita. Fundi kaniwekea kitu kama pasi juu ya kifua, kasoma kompyuta: betri nzima, miaka mitano bado. Tukashukuru, tukaondoka. Hatukuuliza la pili. Sisi tunajua kuuliza betri tu.

Jumatatu, 14 Aprili
Kinyozi Abdelmawgud kasimamisha wembe hewani. "Maalim, hebu tuliza shingo." Nikamwambia nimeituliza. Naye: "Basi anayeruka hapa ni nani?" Watu wakacheka.
Nikatazama kiooni. Mshipa wa shingo, mnene kama kidole, unaruka, unaruka. Nimecheka nao. Nimeogopa sana.

Jumatatu, 21 Aprili — Sham en-Nesim
Mapipa yote yamekwisha! Watu wako kwenye majani kando ya mfereji, wanamenya mayai ya rangi, wanakula fesikh yangu kwa vitunguu vibichi. Mimi niko kitini. Siwezi kuinama kufunga viatu, tumbo limekaza. Nikiweka mkono chini ya mbavu za kulia, ini linadunda. Ini!

Alhamisi, 24 Aprili
Hospitalini, mjini Mansura. Daktari Inas, mwanamke mkali, ndiye wa kwanza kuusikiliza moyo wenyewe. Kisha akaupiga picha.
Karima: "Lakini betri ni nzima, daktari!"
"Nani kauliza betri? Mimi nasema waya."
Waya wa betri unapita kwenye vali, mlango wa ndani wa moyo. Umeunasa ubawa mmoja. Mlango haufungi, damu inarudi ilikotoka, miguu na tumbo vinajaa maji.
Nikamgeukia mke wangu: unaona? Si samaki! Hakuna aliyenipongeza. Daktari akasema chumvi niache vilevile.

Jumapili, 27 Aprili
Wodini. Asubuhi wameipunguza betri waone kama moyo unaweza kujiendea wenyewe. Giza. Wakairudisha mbio. Kumbe waya unaonizamisha ndio huohuo unaoniweka hai.
Daktari Inas hafichi. Kama uvimbe ni wa wiki chache tu, atang'oa waya, aweke mwingine kwa njia nyingine, na mlango huenda ukajifunga. Kama ni wa miezi, moyo umeshatanuka, na kung'oa ni kuurarua mlango bure — naweza nisiamke. Picha peke yake haimtoshi. Kaacha fomu: Uvimbe ulianza lini? Ataifuata baada ya adhuhuri.
Nimemwambia mke wangu naandika mambo yangu kwanza. Kakaa kitandani kwangu, uso umemchangamka kwa mara ya kwanza wiki hii. "Andika wiki tatu, Baba Karima. Si mimi niliyeiona miguu? Tumewahi, alhamdulillahi."
Tumewahi! Sijui naogopa nini zaidi, kisu au macho yake akisoma Oktoba.
Adhana imekwisha. Viatu vya daktari vinakuja koridoni. Fomu bado nyeupe. Mke wangu amenyoosha mkono, anataka kalamu, aniandikie yeye —