Zimwi Aliyeuliza "Umekula?"

Jilo, ndugu yangu,

Kosa wanalofanya wengi ni kudhani kwamba zimwi huwekwa hadithini ili watu wapate wa kumchukia. Wakishampata, humtafutia sura, na sura iliyo karibu huwa ya jirani. Wewe ulilijua hilo kabla hatujaota mvi. Mwalimu Kenga, aliyerithi darasa lako, halijui, na ana vyeti.

Nakuandikia kwa sababu magoti yangu hayanifikishi tena makaburini. Hawa, binti yako, ndiye atakayekusomea. Mvumilie, maana akifika penye hasira yangu hupunguza sauti.

Habari ni hii. Shule imeamua kuigiza hadithi yako ya zimwi wa kwenye kona ya mto, Jumamosi hii, siku ya wazazi. Nilifurahi, mjinga mimi. Nikaenda kutazama mazoezi, nikawekewa kiti cha plastiki mbele kama mgeni rasmi. Zimwi akatoka nyuma ya pazia na fimbo ya kuchungia ng'ombe begani, kajifunga shuka kama wafugaji, anaongea Kiswahili cha kuvunjika, na kila akifungua kinywa darasa zima linaangua kicheko. Aliyevalishwa hivyo ni Dahabo, mjukuu wa kike wa mzee Bonaya, mtoto pekee wa wafugaji katika darasa lile. Nikamuuliza Kenga kwa nini yeye. Akanijibu kwa furaha, "Mzee, huyu hahitaji kufundishwa. Sauti anayo tayari!"

Nimefundisha miaka mingi na nimesikia upumbavu wa kila namna, lakini mwingi ulikuwa na haya kidogo. Huu ulikuwa unasubiri kupigiwa makofi.

Wala usidhani nawapendelea wafugaji. Nimekaa kwao, nimekunywa maziwa yao, nimemsikia zimwi wao. Ana jembe, ana kitambi cha ndizi, na anaongea kama mimi. Wanacheka mpaka wanashika mbavu. Kila ukingo wa mto huu una zimwi anayetoka ukingo wa pili, na kila ukingo unajiona umebuni jambo.

Nikamweleza Kenga, taratibu, kama unavyonijua. Akatikisa kichwa, akaandika. Kesho yake akaniita nione marekebisho: sasa mwishoni zimwi analia, anaomba msamaha, kisha anacheza ngoma na watoto. Fimbo ni ile ile, na shuka ni lile lile. "Sasa ana utu, Mzee," akaniambia. Kwanza alimfanya takataka, halafu akamfanya paka wa nyumbani, na mara zote mbili hakumuuliza hata neno moja.

Wewe ulimuuliza. Unakumbuka mwaka ule wa mafuriko, tulipohamia kule kwenye mwinuko, wakulima na wafugaji chini ya maturubai, watoto wetu na wao wakilala wamebanana? Ndipo uliposimulia. Watu walikuwa wameziba mkono wa mto ili wapande mpunga, maji yakakauka kwenye kona, na watoto wa zimwi wakafa kwenye tope. Tangu hapo akawa anakamata wanaokwenda kuteka maji. Siku moja msichana akamfuata, akamuuliza, "Kwa nini unatula?" Naye akajibu, "Nimekula watu, sikatai. Lakini niulize nilianza lini."

Hukumpa ngurumo wala lafudhi ya mtu wa mbali. Ulimpa sauti ya mama yako, ile ya upole, ya kutoka jikoni. Zimwi huyo akimwona mtoto kwenye kona humuuliza kwanza, "Umekula?" Watoto walisogeleana pale turubaini nisiweze kujua nani wa nani. Mzee Bonaya, aliyekuwa amekaa nyuma akijifanya hasikilizi, akakuuliza, "Mwalimu, huyu zimwi wenu ni kabila gani?" Ukamjibu, "Ni wa kwetu, mzee. Nyumba ya pili kutoka kwa mama." Bonaya alicheka hadi kilemba kikamwanguka.

Na watoto walipokubana uwaambie kama zimwi ni mbaya au mwema, ulikataa kata kata. "Watoto wake walikufa," ukasema. "Na yule mama aliyeliwa naye akiteka maji alikuwa na watoto pia. Mna mikono miwili, bebeni yote mawili." Kenga hawezi kubeba hata moja, nalo analiburuta.

Sasa sikia linaloniuma. Dahabo haji tena shuleni. Wenzake walikuwa wanamfuata njiani wakipiga kelele, "Zimwi, leo umemla nani?" Nikampigia simu babu yake. Akaniambia, "Mwalimu, mtoto amerudi kwa ng'ombe. Huko hakuna anayemcheka." Wiki ijayo wanashuka na mifugo kuelekea Kipini kutafuta malisho, na akienda nao, darasa ndiyo basi. Wewe na mimi tumewaona wangapi wakienda hivyo? Hawarudi. Mtoto apoteze shule kwa sababu ya hadithi yako, Jilo, hadithi uliyoitunga ili watoto kama yeye wakae turubai moja na wetu. Nimeshindwa kula.

Kwa hiyo nimemwambia Kenga kwamba zimwi ni mimi. Hakubisha. Ananiogopa mbele ya wazazi, na mara hii nimeona raha kuogopwa. Jumamosi nitatoka nyuma ya lile pazia na koti langu la kustaafia, bila fimbo, bila shuka, nikiongea Kiswahili changu hiki cha Garsen ambacho kila mzazi pale alifundishwa nacho. Nitawatazama mmoja mmoja, niwaulize kwa upole, "Umekula?" Nione nani atacheka.

Nakuahidi sitalia mwishoni, wala sitacheza ngoma. Nitaliacha swali pale ulipoliacha. Lala, ndugu yangu. Udongo usikulemee.

Na wewe Hawa, ukimaliza kumsomea baba yako, ikunje barua hii uende leo, kabla jua halijazama, mpaka kwa mzee Bonaya. Mwambie Dahabo kesho aje shuleni: namtaka awe yule msichana anayeuliza.