Baba Mdogo Amekunywa Chai

Kwa hiyo ndiyo, Baba, aliinywa. Kikombe kizima, tena akakirudisha mezani na kufuta masharubu. Nilikuwa nimekaa mbele yake, nimekunja mikono chini ya meza, na nilipokiona kikombe kitupu moyo wangu uliruka hadi nikadhani watu wa meza ya pili wameusikia.

Ngoja nianze vizuri, maana hukupenda habari inayoanzia katikati. Nimeolewa, Baba. Mwanao Rehema ni mke wa mtu tangu Jumamosi iliyopita. Anaitwa Obed, kwao Tabora, anasomea ujenzi wa madaraja hapa Guangzhou kwa ufadhili, na akicheka hufumba jicho moja tu. Ningeweza kuijaza barua hii yote kwa habari za hilo jicho. Ananibebea mzigo bila kuombwa. Jana ameniita "mke wangu" mbele ya muuza matunda ambaye hajui hata neno moja la Kiswahili, basi tu, apate kulisema.

Ila tulikaribia kukosa. Ulipotutoka, Baba mdogo ndiye aliyebaki mkubwa wetu, na bila neno lake nisingesimama mbele ya mchungaji. Unanijua. Naye hakumtaka Obed. Kwenye simu alikuwa akisema, "Wewe umetangulia, una duka Iringa, unapakia makontena. Huyo mtoto kazaliwa juzi, hana hata baiskeli." Nikimwambia anasoma, ndiyo nimemtia moto. "Hapo hapo! Akimaliza hiyo shahada atakupita kama upepo, akuachie vumbi mdomoni. Wewe na kidato chako cha nne utamfukuzia wapi?"

Liliniuma hilo la vumbi, Baba. Liliniuma kwa sababu hata mimi nilikuwa nimeliwaza.

Obed akataka kujua kwa nini mzee kila akikasirika anazungumza habari za magari na vumbi. Nikamsimulia ya Babu, kama ulivyotusimulia wewe, na mikono nikaipunga kama wewe. Kwamba kabla ya Vita vya Pili magari yalishindana kutoka Arusha hadi Iringa, na Babu alikuwa fundi wa Singasinga mmoja mwenye gereji. Kigari chao kilikuwa kidogo, kwa hiyo kiliruhusiwa kuondoka alfajiri, na yale makubwa yakazuiwa hadi mchana. Ndiyo ilikuwa sheria yao: gari dogo linatangulizwa, kubwa linacheleweshwa, na atakayefika kwanza ndiye mshindi. Njia nzima Babu na tajiri wake hawakuona gari jingine. Walipoingia Iringa barabara ilikuwa tupu, hakuna bendera, hakuna watu, kuku tu. Wakaamini wenzao wote waliwapita usiku walipojilaza porini, kombe limeshatolewa na watu wamerudi makwao. Wakazima gari kwenye hoteli ya chai, karibu kabisa na mstari wa mwisho.

Kumbe wao ndio wa kwanza. Waamuzi walikuwa bado wanakula, hawakumtegemea mtu mapema vile. Babu yuko kikombe cha pili akasikia ngurumo. Akakitupa, akazungusha hendeli, gari likakohoa, akazungusha tena, na lile gari kubwa likapita. "Babu yako hakushindwa na gari," ulikuwa ukisema, "alishindwa na chai."

Nikamweleza Obed kwamba ndiyo maana nyumbani kwetu birika hupoa mezani. Iwe posa, iwe ugomvi wa shamba, hakuna anayegusa chai kabla neno la mwisho halijasemwa. Anayekunywa ametangaza mwenyewe kwamba safari imeisha, na hana ruhusa ya kuanza kubisha tena.

Obed akauliza jambo ambalo sijawahi kusikia mtu wa kwetu akiliuliza. "Hao waliopanga nani aondoke lini, walikuwa wanataka nini?" Nikasema sijui, labda haki. Akasema, "Walitaka wote wafike pamoja. Ndiyo hesabu yenyewe. Wewe ulitangulizwa, mimi nikazuiwa. Basi." Baba, nilikuwa nimekalia robota la magauni kutoka soko la Shahe. Nililia juu ya magauni ya watu.

Mwezi uliopita Baba mdogo akaja huku kuchukua viatu vya kuuza kwenye soko la Zhanxi. Alisema jibu atanipa uso kwa uso, na sauti yake tu ilitosha kunieleza jibu gani. Nikamwomba Mama Sifa awe mshenga wetu, yule mama wa Mbeya aliyenifundisha biashara ya hapa. Anazijua habari zetu zote, hata ya Babu. Tukakutana sote wanne, Obed naye, kwenye mgahawa karibu na soko. Mji huu nao, Baba, hujakaa vizuri chai imeshafika. Ya kwanza watu wanasuuzia vikombe, wanaimwaga kwenye bakuli, kisha wanamiminiwa ya kunywa.

Baba mdogo alikuwa amesukumwa na mikokoteni asubuhi yote, na kila duka aliloingia wamemwambia "meiyou", hakuna, hakuna. Jasho linamtoka. Akakohoa, akasema, "Nimekuja kwa neno moja tu." Koo likamkauka. Akachukua kikombe. Akanywa.

Mama Sifa akamwinamia kwa heshima zote. "Karibu sana, baba. Umefika."

Ungeiona sura yake. Akakitazama kikombe kama kimemsaliti. "Hii si chai. Nimewaona mnaoshea vyombo."

"Ya kuoshea tuliimwaga, baba. Uliyokunywa ni ya pili," akajibu Mama Sifa.

Akamgeukia Obed, ambaye kikombe chake kilikuwa kimejaa vilevile, hata mkono hajakisogezea. "Na wewe? Mbona hunywi?"

Obed akainamisha kichwa. "Mimi bado sijafika, baba. Nangoja neno lako."

Nilitaka kutoka nje. Baba mdogo alimtazama, akamtazama, kisha mabega yakaanza kumcheza, na kile kicheko kikatoka, Baba, kicheko chako wewe, kile cha kukosa pumzi. Nilikuwa sijakisikia tangu tukuzike. "Kaka angenitangaza Iringa nzima," akasema huku anajifuta machozi. Akakisogeza kikombe mbele ya Obed kwa mkono wake mwenyewe. "Kunywa, mwanangu. Inapoa."

Neno lenyewe ndilo hilo. Sikuhitaji jingine.

Akaahirisha tiketi yake akasubiri harusi. Alinishika mkono hadi mbele ya mchungaji, pale ukumbini tunapokutana Jumapili, na kila mara alikuwa akinirekebishia shela kama shangazi. Mimi tangu siku ile nimepumua. Nilikuwa nimebeba jiwe kifuani bila kujua uzito wake, sasa nalala, nakula, naimba nikifunga mizigo hadi majirani wanagonga ukuta. Na kama Obed atanipita kwa masomo, na anipite. Nimeshaona jinsi anavyojua kungoja.

Kilichobaki ni wewe tu. Hujamwona, na hilo linanichoma kidogo hata katikati ya furaha hii.

Pumzika, Baba yangu. Chuo chao kinafunga, tiketi tumeshakata, na kabla mwezi huu haujaisha tutapanda hadi kaburini kwako, mimi na yeye, na Baba mdogo mbele akituonyesha njia kana kwamba siijui. Namfundisha Obed kukusalimu kwa Kihehe. "Kamwene" yake bado imepinda, anaivuta mahali pasipovutwa. Ukiisikia hiyo, ndiye mkweo.

Mwanao,
Rehema