Mshale wa Kwanza wa Siku

11 Novemba

Mwanangu Chiriku,

Salamu kwanza. Mimi mzima, ila goti linanikumbusha umri wangu kila nikiinama kufunga viatu. Wewe je? Unakula? Kile kikohozi cha mwaka jana kimeisha? Nijibu hayo kabla ya jambo lingine lolote.

Msimu umefungwa juzi. Wiki kumi zimepita mbio, na huu ni msimu wa pili naingia porini bila wewe. Nilipata swala mmoja kwa mshale mmoja, hatua kumi na nane, na hakwenda mbali. Mjomba wako Kelele alipiga watatu, akaokota mmoja. Nikamuuliza wale wawili wako wapi. Akanijibu, "Shemeji, pori ni kubwa." Mama yako angekuwa hai angemtandika kaka yake kwa mwiko. Unajua mazoezi yake: upinde anautungua ukutani wiki moja kabla ya msimu, anapiga mishale mia kwa siku moja mpaka bega linavimba, basi, yuko tayari.

Mimi sikukulea hivyo. Mishale mitatu kila siku, miezi yote ambayo hatuwindi. Na katika hiyo mitatu, wa kwanza ndio unaohesabika. Porini hakuna mshale wa kupashia mkono. Mwili bado baridi, unapiga mmoja, na mnyama anakufa vizuri au anakufa vibaya.

Humu ndani kuna karatasi hamsini. Nimezikata kwenye kalenda za zamani, nikachora duara kwa kitako cha kikombe. Kila Jumamosi bandika moja kwenye gunia, simama hatua ishirini, piga wa kwanza. Kisha nitumie hiyo karatasi. Ukiikosa kabisa, nitumie hivyo hivyo ilivyo, nzima. Nayo ni habari.

Msimu ujao nataka utangulie wewe na upinde, mimi nifuate nyuma nimebeba maji. Nimeshachoka kuwaza hili peke yangu.

Ni mimi baba yako


10 Desemba

Shikamoo Baba,

Nakula, kikohozi kimeisha, na goti lako ulikande kwa maji ya moto badala ya kulisema kwenye barua.

Chumba changu kina urefu wa hatua nne, na ya nne lazima nipande kitandani. Kwa hiyo nimeomba ua wa nyuma hapa kazini kwa dobi. Asubuhi, kabla mashine hazijawashwa, kuna uchochoro kati ya kamba za kuanikia wenye hatua ishirini na mbili. Nimejaza gunia matambara, nimeliegemeza kwenye ukuta wa boila. Wenzangu wanaopiga pasi wanakuja na vikombe vyao vya chai kunitazama, wananiita Jeshi.

Karatasi nne hizo hapo. Ya tatu ni nzima. Siku hiyo niliamka na hasira, nikavuta kwa hasira, mshale ukaenda ukutani. Usinicheke.

Binti yako, Chiriku


20 Desemba

Mwanangu,

Nimecheka, na sikuombi radhi. Nimefurahi kusikia u mzima.

Ile karatasi nzima nimeibandika juu ya meza ninapokula. Mwenye kutuma karatasi nzima ndiye ninayeweza kumfuata porini nikiwa nimebeba maji. Zile tatu zenye matundu ni nzuri pia, lakini hizo hata Kelele anaweza kuzipata siku ya bahati yake.

Baba yako


9 Februari

Shikamoo Baba,

Goti halijambo? Mimi niko salama, ila nimeaibika. Mshale wangu umepita juu ya gunia ukatoboa shuka la hoteli, shuka la kitanda kikubwa, jeupe pe. Msimamizi wetu, yule tunayemwita Bi Pasi, alilikunjua mbele ya watu wote, akachungulia kwenye tundu, akaniambia, "Binti, sisi hapa tunatoa madoa. Hatuwindi mashuka." Watu walicheka mpaka wakaketi kwenye vikapu. Basi ua nimenyang'anywa.

Usiwe na wasiwasi, nimepata kiwanja kingine. Karatasi za Januari zimo.

Binti yako, Chiriku


14 Aprili

Mwanangu Chiriku,

Natumaini u mzima. Mimi sijambo.

Nimepokea karatasi za Februari na za Machi. Zote ndani ya duara. Hata moja haikutoka nje. Sasa niambie, hicho kiwanja kikoje? Upepo unatoka upande gani? Siku hizi hukosi kabisa? Mimi wiki iliyopita nimekosa mara mbili, na nimeanza kupiga kabla mama yako hajanijua.

Nauliza tu.

Baba yako


2 Juni

Shikamoo Baba,

Pole na goti. Kiwanja ni kizuri, hakina upepo mwingi. Mkono umezoea tu, Baba, ni wewe uliyenifundisha.

Lakini sikia hili: nimepewa likizo ya siku kumi, kuanzia tarehe thelathini Agosti. Nitakuwepo siku msimu unapofunguliwa! Bi Pasi mwenyewe ametia sahihi. Karatasi nane zimo.

Chiriku wako


17 Juni

Mwanangu, mwanangu,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama pale pale dirishani posta, na mama wa posta akaniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia, la, nimepata mtoto.

Kitanda chako nimekikaza kamba. Paa juu ya chumba chako lilikuwa linavuja, nimepanda mwenyewe na goti langu, nimeziba. Kibali cha kuwinda nimekiandikisha kwa majina yetu mawili, lako la kwanza. Kelele anataka kuja nasi, nimemwambia mwaka huu pori ni dogo.

Karatasi nimezipokea. Siulizi kitu tena. Njoo tu.

Baba yako


13 Septemba

Shikamoo Baba,

Nimefika salama. Sijui hata nianzeje kukujulia hali, maana nilikuacha na kitambaa jichoni na hukutaka nikusindikize kwa daktari. Daktari amesemaje?

Kila nikishika pasi namwona yule swala. Alikuwa amesimama ubavu, hatua ishirini tu, hajui kama tupo. Wewe nyuma yangu na chupa ya maji, nasikia unavyozuia pumzi. Nikavuta, mshale ukamwingia tumboni. Uliketi chini nusu saa tumwache alale, kisha ukainuka, tukafuata damu. Siku ile yote, na asubuhi ya pili. Nilipokwambia turudi ulinijibu, "Tumemuumiza sisi, tunammaliza sisi." Halafu ule mti wa miiba, nami ndiye niliyepita mbele nikaliachia tawi likakurudia usoni.

Na hatukumpata, Baba.

Nadhani upepo uligeuka. Nadhani ni upepo.

Niandikie kuhusu jicho.

Binti yako


10 Oktoba

Mwanangu,

Nakujibu polepole, naandika kwa kuweka rula chini ya mstari. Goti halijambo.

Jicho la kulia halipo tena. Mwiba ulichoma katikati. Daktari ni kijana mpole, alizunguka maneno mpaka nikamsaidia kuyamaliza. Ndilo lile ninalolengea, kwa hiyo upinde nimeuondoa uzi na kuulaza kabatini.

Usiniandikie pole. Hilo tawi lingeweza kuachiwa na mtu yeyote. Nataka unijibu kitu kimoja tu, kisha mengine yote tutayazungumza ukipenda.

Zile karatasi, ulizipiga?

Baba yako


22 Desemba

Baba,

Umekaa zaidi ya miezi miwili bila jibu langu. Nimeandika barua saba na zote nimezichana. Shikamoo. Sijui kama bado ninayo haki ya kukuamkia.

Sikuzipiga. Tangu siku ya lile shuka sikushika upinde hata mara moja mpaka nilipokuja nyumbani. Kiwanja hakikuwepo. Wiki ya kwanza nilisema nitatafuta, wiki ya pili nikawa nimechoka, na Jumamosi ilipofika nikaichukua karatasi yako, nikaiweka kwenye godoro, nikaitoboa kwa penseli. Nilijiambia ni mara moja tu. Kisha nikawa nazitoboa nne nne, mwisho wa mwezi, huku redio inaimba. Nilikuwa nazitawanya kidogo zisifanane. Hilo ndilo linaloniumiza kuliko yote, Baba, kwamba niliufanya uongo kwa uangalifu.

Nilijua umekaza kitanda. Nilijua umelitanguliza jina langu kwenye kibali. Ningekwambia lini? Pale njiani nilikuwa nimeshafungua mdomo nikwambie upige wewe. Ukanigeukia ukanipa upinde kwa mikono miwili.

Yule mnyama amekufa vibaya mahali fulani, na jicho lako limekwenda, kwa sababu nilikuwa mvivu na sikutaka ujue. Sina upepo wa kusingizia.

Nisamehe, kama linasameheka.

Chiriku


15 Januari

Mwanangu Chiriku,

Barua yako imenikuta. Siwezi kusema imenikuta mzima, kwa hiyo tuliache hilo.

Nilijua.

Nilijua tangu Aprili. Kwanza, hukukosa hata mara moja, na wewe ni mkosaji mzuri, ukikosa unasema, ndiyo maana nilikupenda kama mwindaji. Kisha nikaziinua dirishani. Tundu la mshale linararuka kwa nyuma, ncha zake zinasimama. Hayo yako yalikuwa ya duara, safi, na pembeni yana weusi wa penseli. Nikakuuliza habari za kiwanja ili unipe nafasi ya kukusamehe. Hukunipa. Na mimi nikaogopa. Nilihofu kwamba nikikushika, utaona haya, na hutakuja. Nilikuwa nimeshakukosa misimu miwili.

Kwa hiyo nilikupa upinde huku najua. Mimi, niliyemcheka Kelele miaka yote. Nilisimama nyuma yako na chupa ya maji, nikamwacha yule swala alipe gharama ya kukuona. Usilibebe jicho hili peke yako, wala usilibebe zaidi yangu. Tumeyafanya wawili.

Sasa lililobaki. Jicho la kushoto limeanza kumfuata mwenzake. Daktari anasema hutokea hivyo, jicho moja likiumizwa na la pili linaweza kuugua. Barua yako nimeisoma kwa siku nne, neno neno, kwenye jua la mchana. Ninaloandika sasa silioni vizuri, samahani mistari ikipandana. Naona hii ndiyo ya mwisho nitakayoandika kwa mkono wangu. Mama wa posta amejitolea kunisomea zako, lakini sitaki mambo yetu yapite mdomoni mwa mtu mwingine. Kwa hiyo, mwanangu, usiniandikie maneno tena.

Lakini kidole gumba changu kizima. Kama utapiga, nitumie karatasi. Nitajua.

Baba yako anayekupenda


23 Februari

Shikamoo Baba,

Hii haitafika posta. Naiandika kwa sababu mdomo wangu hauna mahali pengine pa kwenda, na wewe ndiwe uliyeniita Chiriku.

Nilikwenda kwa Bi Pasi nikamweleza yote, tangu penseli mpaka mwiba. Alinisikiliza huku anakunja foronya. Alipomaliza rundo zima akafungua kabati, akatoa lile shuka langu lenye tundu, akasema, "Lijaze kwenye gunia lako. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, saa moja kamili uwe umetoka." Basi nimerudi uani kila siku. Mishale mitatu. Wenzangu wanakuja na chai yao, lakini hawaniiti Jeshi tena. Mmoja huweka mkono begani kwangu akaenda zake.

Nimeshakutumia mbili. Ya kwanza iligusa pembe ya juu, ya pili ilitoka nje ya duara vidole vitatu. Hakuna jibu, na najua hakutakuwepo. Nawaza unavyozipokea dirishani, unaweka fimbo kwapani, unapitisha gumba nyuma ya karatasi taratibu. Laiti ningekuona ukifanya hivyo. Laiti ungeniona mimi. Nilikuwa na baba mwenye macho mawili aliyetaka kunitazama nikipiga mshale mmoja tu wa kweli, na sikumpa.

Msimu ujao nitakuja. Sitaomba kibali. Nitakushika mkono tukae pale ulipoketi nusu saa ukimwacha mnyama alale, na nitakusomea haya yote kwa sauti yangu mwenyewe, kama bado utataka kunisikia.

Leo ni Jumamosi. Baridi ilikuwa kali, vidole havikukunjuka vizuri. Nimebandika karatasi, nikahesabu hatua ishirini, nikavuta wa kwanza. Umepita juu ya gunia ukagonga ukuta. Nilikuwa na mishale miwili mkononi na uani hakukuwa na mtu.

Karatasi haina tundu wala mkwaruzo. Nimeitia kwenye bahasha peke yake na kuandika jina lako.

Chiriku