Nani Akuamulie, Mama?

Nyumbani kwa Mama,
Jumapili, 9 Machi

Mpendwa Mama mdogo,

Shikamoo. Pokea salamu za mtoto uliyembeba mgongoni kabla hujazaa wako. Vipi magoti, bado yanalalamika ukipanda ngazi? Na kile kikohozi nilichokisikia kwenye simu usikipuuze. Tukiwa na mama mmoja mgonjwa hapa, hatuna nguvu za kuuguza wa pili.

Sisi huku tunaendelea. Dada yako anakula vizuri, mchana anasinzia, jioni anaimba. Jina lako bado analo. Langu hupotea wiki nzima, kisha likarudi siku moja bila hodi. Duka langu la vifaa vya ujenzi linakwenda, ingawa siku hizi nawafokea wateja mpaka wananunua misumari wasiyoihitaji ili waondoke haraka.

Nakuandikia kwa sababu nina wivu. Nimeona niseme mapema, usije ukahangaika kuutafuta kati ya mistari. Namwonea wivu wifi yangu, na nisipoutoa utaniua.

Unamjua, yule msusi, mke wa mdogo wangu. Mimi namwita Bi Taratibu, maana hata nyumba ikiwaka moto atavaa viatu kwanza, tena atafunga na kamba.

Daktari alituambia kwamba ugonjwa huu wa kusahau umefika mahali ambapo Mama hawezi tena kukubali wala kukataa matibabu mwenyewe. Tukitaka atolewe mtoto wa jicho, lazima mahakama imteue mtu wa kumsemea. Hapo sikuwa na shaka hata chembe. Kifungua mimba ni mimi, anayemwogesha ni mimi, anayelala naye chumba kimoja ni mimi. Hata gauni la kwenda nalo mahakamani nilishalipiga pasi.

Kwenye korido ya mahakama tukagombana. Bi Taratibu alikuwa amemshika Mama mkono wa kulia, nikamwambia huo mkono ni wangu. Akasema Mama ana mikono miwili. Nikamwambia najua kuhesabu. Sauti yangu unaijua, ni ya dukani. Mama akasimama katikati yetu anatetemeka. Basi wifi akauachia mkono, akasogea pembeni, ugomvi ukaisha. Papo hapo tukaitwa ndani.

Chumba cha hakimu ni kidogo, kina feni inayozunguka kwa kuugua na mafaili mpaka dirishani. Hakimu ni mwanamke, mpole. Alivua miwani, akamwinamia Mama, akamuuliza, "Mama yangu, mambo yakikuzidi, ungependa nani akuamulie?"

Mama akatutazama. Akamnyooshea wifi kidole. "Huyu. Huyu ndiye anayeamua. Yule mwingine anapigana tu."

Karani alicheka mpaka akaangusha kalamu. Hakimu akaandika. Mimi ndipo nikang'amua: anaulizwa habari ya uamuzi, yeye anajibu habari ya kuamua ugomvi! Mwenzetu kimawazo bado alikuwa kwenye korido. Nikasimama nieleze, hakimu akaniambia nitulie. Kutulia nako kukanishinda, nikawa shahidi mzuri wa maneno ya Mama.

Hivyo ndivyo mtu wa kuja alivyoteuliwa kuwa msimamizi wa mama yangu mzazi. Wanasema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Huyu kazi yake ni kusuka za wenzake, na sasa kapewa kichwa kizima.

Wakili anasema naweza kuomba uamuzi ule uangaliwe upya, na kwamba maneno ya ndugu wa tumbo moja na Mama yatanisaidia. Nilitaka uniandikie kwamba dada yako hakulielewa swali, na kwamba siku zote aliyemtegemea ni mimi. Hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Lakini sikia kwanza habari za jicho. Bi Taratibu alikubali Mama apasuliwe, mimi nikapinga. Nikasema mzee ataogopa bandeji. Kusema kweli nilipinga kwa kuwa yeye amekubali. Angekataa, ningembeba Mama mgongoni mpaka mlangoni kwa daktari.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba hakusaini fomu ya hospitali papo hapo. Alikuja dukani, akasubiri wateja waishe, akakaa juu ya mfuko wa saruji. Akasema, "Wifi, wewe ndiye unayelala naye. Jicho likimwasha, atakubali mkono wangu au wako?" Nikamjibu amuulize hakimu. Kesho yake akarudi, akakaa palepale, akauliza vilevile. Kumchukia mtu asiyekupa sababu ni kazi ngumu, Mama mdogo. Nikamwambia, wangu. Ndipo akasaini, akaniomba nikalale na Mama hospitalini.

Jana walimfungua bandeji. Mama akapepesa macho, akamwona wifi, uso ukachanua. "Mwanangu, umependeza." Mwanangu! Kisha akanigeukia mimi. Akaniangalia kuanzia nywele mpaka viatu, bila haraka. Sijatazamwa hivyo na Mama tangu siku ya harusi yangu. Nikangoja. Akamvuta wifi karibu, akamnong'oneza nisisikie, "Huyu mama amechoka sana. Mpe kiti."

Bi Taratibu akaleta kiti. Alifungua mdomo amwambie mimi ni nani, nikamkata jicho akanyamaza. Nikakaa. Mtoto wa jicho katolewa, na mtoto wa tumbo haonekani.

Kwa hiyo ile barua ya wakili usiiandike. Usidhani nimekuwa malaika. Leo asubuhi nimemnunia wifi kwa namna alivyokunja shuka. Lakini ninachokililia hakimu hawezi kunipa, na hata akimpokonya wifi hatakuwa amenipa mimi.

Njoo wewe, hata kwa siku chache. Mama akikuona atakujua. Kaa karibu naye, halafu niite "mwanangu" kwa sauti, mbele yake. Asikie yeye, na mimi nisikie.

Nisalimie baba mdogo, binti yako fundi cherehani, na yule mjukuu Kibonge. Wifi naye anakusalimu. Kapita mlangoni sasa hivi akaniomba nisisahau kuandika, nami nimeandika. Mungu akulinde, akupe na magoti ya kusafiria.

Mtoto wako akupendaye,
Kifungua mimba wa dada yako