Nani Amempandisha Shabani Mwanga?

Maskati,
Jumapili, baada ya adhuhuri

Mdogo wangu Zamzam,

Salamu zangu zikukute mzima, wewe na Mama na kila anayelala chini ya paa letu pale Mtendeni, Tabora. Mnaniambia hamjambo nyote na goti la Mama limepoa. Nashukuru kusikia, ila siku hizi kila kinachotoka huko nakigeuza kwanza nikione upande wa pili. Goti kama kweli limepoa, mwambie Mama apande zile ngazi za duka la mtaa wa Kanyenye, halafu mtu aniambie amefikaje juu.

Mimi mzima, alhamdulillahi. Macho tu ndiyo yananiuma.

Unajiuliza kwa nini nimekuandikia karatasi na simu zipo. Simu yako inashikwa na kila mtu. Mama anaipokea ukiwa jikoni, na ujumbe wa sauti anausikiliza kwa spika mpaka jirani anachangia mawazo. Barua hii nampa mama Khadija, jirani yetu wa Mtendeni aliyekuja huku kumtazama bintiye aliyejifungua. Anaondoka kesho alfajiri, na nimemwapisha aitie mkononi mwako wewe, si mwa mwingine. Isome ukiwa peke yako, na mlango ufunge.

Huku ni msimu wa harusi na joto halina adabu. Kazi yangu unaijua. Nakaa mbele ya kioo cha kompyuta tangu asubuhi, nafuta vivuli chini ya macho ya mabibi harusi, napoza rangi pale taa za ukumbi zilipowageuza watu wote manjano, na mwisho kabisa nanoa, yaani nazipa kingo za picha ukali kidogo ili hata kope zionekane moja moja. Kila bi harusi, hata awe mweupe kama maziwa, anataka aongezwe mwanga. "Kidogo tu, dada." Hicho kidogo hakina mwisho. Mwenye studio hapendi mabishano. Anasema mteja akitaka kuwa balbu, mfanye balbu.

Mwezi uliopita tulipigwa picha za vitambulisho vya kazi. Rehana, Mhindi ninayekaa naye meza moja, mtu mwema sana, akaichukua yangu na kunipandisha mwanga bila kuniuliza. Aliona ananifanyia hisani. Niliitazama ile sura nikajitafuta nisijione, nikashinda siku nzima nimenuna, na mwenzangu hadi leo hajui amenikosea nini. Huko Tabora mimi ni binti wa Kiarabu. Huku naitwa Mzanzibari, na Unguja yenyewe sijawahi kulala hata usiku mmoja. Kwa hiyo mambo ya kupandishwa mwanga yananiuma mahali ambapo wewe hupajui, na ndiyo maana leo nakuandikia nikiwa na hasira.

Alhamisi Mama alinipigia. Hakumaliza hata salamu, nikajua kuna jambo.

"Maimuna, nimekutumia picha. Umeiona?"

"Nimeiona, Mama. Ni nani huyu?"

"Mposaji wa Zamzam. Anaitwa Shabani, fundi wa injini za boti huko Ujiji. Washenga wake wanakuja Jumamosi ya wiki ijayo."

"Mbona mimi sijaambiwa?"

"Ndiyo nakuambia. Walionana na mdogo wako kwenye harusi ya hapa mtaani, mimi sikumwona, wanaume walikuwa kwenye turubai lao. Picha kanipa Zamzam, anasema bibi wa Shabani ni Mmanga, Mwarabu kama sisi. Na kweli, kijana mweupe, ana sura ya kwetu. Lakini moyo wangu unagoma. Picha za siku hizi siziamini. Wewe ndiyo kazi yako, iangalie vizuri, uniambie kama ni mtu au ni mapambo."

"Na nikikuta ni mapambo?"

"Washenga watakunywa kahawa yao na kurudi walikotoka. Mwanamume akidanganya kwa sura, kwa mengine atafanyaje?"

Basi nikaifungua kwenye kompyuta ya kazini, nikaikuza mpaka uso wake ukajaa kioo. Zamzam, picha ile ilinitia shaka kabla sijashika kitu. Udongo wa Ujiji ni mwekundu, kila aliyefika anajua, lakini chini ya miguu ya huyu kijana una rangi ya chai ya maziwa. Kanzu imekuwa nyeupe mpaka mikunjo imekufa. Unadhani amevaa karatasi. Uso mweupe, mikono imesahauliwa, na mtu mmoja hawezi kuzaliwa na mikono ya baba mmoja na uso wa baba mwingine. Mashavu laini kama yai, wakati nyuzi za kofia zimenolewa hadi zinachoma macho. Kuanzia sikioni hadi begani kuna uzi mweupe umemzunguka, ule unaotokea mtu akizidisha kunoa.

Nikaanza kumchukia papo hapo. Nikasema huyu ana mke Kigoma. Nikasema huyu mzee anajifanya kijana, lazima ana wajukuu. Nikavikagua vidole vyake kimoja kimoja kutafuta alama ya pete, Rehana akaniuliza kama kuna mtu ameibiwa. Nikamwambia bado, ndiyo namzuia mwizi.

Nyuma yake kuna kibao cha duka lake la ufundi wa injini, na kwenye kibao kuna namba ya simu. Aliyeinoa picha hiyo alinoa kila kitu bila kuchagua, hata namba ikasomeka vizuri kabisa. Nikampigia Ijumaa jioni.

"Shikamoo dada," akasema nilipojitambulisha. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyesimama ghafla.

"Marahaba. Nataka picha uliyopiga mbele ya duka lako ukiwa na kanzu. Nitumie ile yenyewe, kama ilivyotoka kwenye simu."

Nilimtegea hapo. Mtu mwenye la kuficha angeniuliza ya nini, au angesema imefutika. Huyu aliniomba radhi kwanza kwamba mikono yake ina oili, anaomba ainawe asije akabonyeza pasipo. Nikasubiri nikiwa nimekunja uso. Picha ikaingia kabla hasira haijanitoka.

Udongo mwekundu. Kanzu na mikunjo yake, hata alama ya pasi inaonekana begani. Na Shabani mweusi, mweusi hasa, uso na mikono vimekubaliana, na juu ya nyusi ya kushoto kovu pana. Amesimama wima kama watu wanavyosimama wanapopigwa picha ya kupelekwa ukweni. Nilimwuliza lile kovu la nini. Akasema injini ilimrudishia kamba ya kuwashia mwaka wake wa kwanza kujifunza kazi. Nikamwuliza na bibi yake mzaa baba ni wa wapi. Akacheka kidogo kwa adabu. "Sisi Wamanyema, dada. Pande zote. Zamzam hakukuambia?"

Nikamuaga, nikakaa na picha zangu mbili.

Sasa mdogo wangu, nifuate polepole. Yeye alitoa picha safi. Mama alipokea picha iliyopikwa. Katikati yao kuna mkono mmoja tu. Hata hivyo sikutaka kukusingizia, nikarudi kwenye ile picha kutafuta alama za fundi, maana kila fundi ana kosa lake. Chini ya sikio, kwenye kivuli, nikakuta chengachenga zimesimama kama mchanga ndani ya wali. Chenga hizo haziji hivi hivi. Zinakuja mtu akinoa kwanza, halafu ndiyo akapandisha mwanga, kwa hiyo mwanga unavikuta vichenga vimeshachongwa na kuvivalisha nguo. Nimekukataza kosa hilo tangu ulipoanza kuuza madera mtandaoni. Mwanga kwanza, rangi, halafu kunoa mwisho wa yote. Kila dera lako lina mchanga kwenye kivuli, na wateja wakakuuliza kama kitambaa kimeliwa na nondo. Shabani naye ana mchanga ule ule.

Najua utasema ulifanya kwa ajili ya Mama. Nusu nakuamini. Mama yetu namjua. Atasema "ukoo" na hatasema kingine, lakini sote tumekua kwenye mji huu na tunajua kwenye njia ya misafara ya Ujiji nani alitangulia mikono mitupu, na nani alifuata na pembe za ndovu begani. Babu zetu hawakubeba; wa kina Shabani walibeba. Hilo ndilo linalomkaa Mama kooni. Anasahau kwamba bibi aliyemzaa mama yake alikuwa Mnyamwezi wa Ipuli, na tukimkumbusha anasema tunamtafutia maneno.

Lakini nusu ya pili siiamini. Mama hana ugomvi na kovu. Mama anapenda wanaume wenye alama za kazi, baba yetu alikosa kucha mbili na alimsifu hadi anaingia kaburini. Kovu la Shabani limefutwa vizuri kuliko kitu kingine chochote kwenye picha ile, kwa uvumilivu, kwa brashi ndogo, na ngozi imeoteshwa juu yake kwa mkono usio na haraka. Hilo ulilifuta kwa ajili ya nani, Zamzam?

Ndiyo shaka yangu, na ninakuambia bila kuipaka sukari. Nahofia ulianza kwa kumwogopa Mama, ukaendelea kwa kupenda ulichokiona. Unaweza kunijibu kwamba nina roho ya kushuku, kazi imeniharibu. Inawezekana. Lakini mume si dera, harudishwi akichuja. Siku ya ndoa utamfanyaje, utampandisha mwanga mbele ya shehe? Na Mungu akiwajaalia watoto wenye rangi ya baba yao, utawatoa nje kwa jua au utawatoa kwenye simu tu?

Nisikilize sasa, maana mambo yanabana. Mama anasubiri neno langu. Nimemwambia mtandao wa huku unasumbua, picha haifunguki kwenye kompyuta, akaguna. Sidhani ameniamini, na mimi pia nisingeamini. Jumatano mama Khadija atakuwa ameshafika, na Ijumaa baada ya swala nitampigia Mama na kumwambia nilichokiona. Nikisema picha imechezewa na wewe umekaa kimya, Mama atamhukumu Shabani. Ataita mjomba dukani, washenga watanyweshwa kahawa na kurudishwa na treni yao, na kijana wa watu ataitwa mwongo Tabora nzima kwa jambo ambalo hajui hata kama limetokea. Nikisema picha ni safi, nimekuuza wewe. Njia ya tatu unayo wewe peke yako. Nenda kwa Mama kabla yangu.

Ndani ya bahasha kuna picha. Ndiyo ile ya Shabani yenyewe, nimeichapa hapa studio kwenye karatasi nzuri. Sijaigusa. Sikuongeza mwanga wala sikuinoa, na kuacha kuinoa kumenigharimu, maana mkono wangu umeshazoea. Mpelekee Mama akiwa amekaa kwenye mkeka baada ya kuswali, wakati huo huwa anasikiliza. Mwambie mwenyewe kwamba uliipaka wewe, na yule bibi wa Kimanga uliyemzua umzike hapo hapo. Atafoka. Atasusa chai. Huenda akakataa katakata, na mimi nitapiga simu na kusimama upande wako mpaka salio liishe, lakini nitasimama kwa ajili ya mtu huyu mwenye kovu, huyo mwingine simjui. Na ukiitazama picha hii ukaona huwezi kuipeleka, basi usimsumbue Mama. Mwandikie Shabani, mwambie asitume wazee wake. Hilo nalo litakuwa na heshima yake.

Nisalimie Mama, nibusie mkono wake. Msalimie mjomba mlinzi wa duka na mwambie asilale kwenye kaunta mchana. Msalimie bibi mpika vitumbua wa kona yetu, na mwalimu wetu wa madrasa, kama bado anakumbuka nani alimfichia bakora. Watoto wa shangazi wapige busu wote, hata yule mchokozi.

Nilikuwa nafunga bahasha simu ikalia. Ni Shabani. Tangu juzi hajanitumia neno, na naona ameliandika hili akalifuta mara nyingi, maana limekuja fupi mno: "Shikamoo dada. Samahani kwa usumbufu. Nilitaka kujua tu, mama ameipenda picha yangu?"

Sijamjibu, mdogo wangu. Jibu hilo ni lako.

Dada yako akupendaye, hata akiwa amenuna,
Maimuna