Sauti ya Mama Kwenye Wimbo wa Mwisho

Mdogo wangu,

Huku tupo. Karakana ya masofa inakwenda, na vijana wangu wanapigilia misumari huku wakipayuka ile albamu yetu ya panki, muziki wa fujo na kelele, utadhani wameitunga wao. Hawakuwa wamezaliwa tulipoirekodi sebuleni, wewe na gitaa, mimi na ngoma, tukiapa kwamba hatutazeeka. Mimi nimezeeka. Wewe naona kwenye picha bado unavaa suruali iliyochanika magotini.

Nakala mpya uliyotuma imefika. Ile ya zamani ilikwaruzika hadi ikagoma, ndiyo maana nilikuomba nyingine. Kweli umeisafisha sauti, inang'aa. Ila hukuniambia kwamba katika kusafisha umemfuta mama.

Usijifanye umesahau. Mwishoni kabisa mwa wimbo wa mwisho, gitaa likinyamaza, anafungua mlango na kufoka: "Zimeni hayo makelele, chakula kinapoa!" Mashabiki wako waliyapenda maneno hayo kuliko mashairi yako yote. Mazishini kwake hukuja, nikanyamaza. Hili sinyamazi.

Baba siku hizi hakumbuki kitu. Lakini kila mchana nilikuwa namwekea wimbo ule, na akimsikia mama tu, anainuka mwenyewe, ananawa, anakula. Jana nikaweka nakala yako. Wimbo ukaisha, baba akabaki ameketi, macho mlangoni.

"Mama yenu leo mbona hajaita?"

Chakula kilipoa, hakukigusa. Leo kauliza tena.

Mjibu wewe.

Dada yako